Utoaji mimba: kabla ya kubishana, tujue tunabishania nini

Kila mwaka nikifundisha maadili ya tiba kwa wanafunzi wa uuguzi, huandika ubaoni kisa kimoja. Mama wa watoto wawili, mimba ya wiki nane, analetwa usiku ameshika tumbo upande wa kushoto, amepauka, presha inashuka. Mimba imetunga kwenye mrija, nje ya mfuko wa uzazi, na mrija umepasuka. Nauliza: tumpasue? Darasa zima linasema ndiyo. Nauliza tena: na kile kiumbe je? Hapo kila mtu anainamia daftari lake.

Nakipenda kimya hicho, maana wengi huingia kwenye mjadala huu wakiamini kuna kambi mbili tu, wema na wauaji.

Tusikilize namna tunavyosema wenyewe. Mama aliyeharibikiwa na mimba ya miezi miwili hufarijiwa na shangazi: "Usilie mwanangu, ilikuwa bado damu tu." Shangazi huyo huyo akisikia binti wa jirani ametoa mimba ya miezi miwili, atasema ameua kiumbe cha Mungu. Simwiti mnafiki. Yote mawili anayasema kwa moyo mmoja, kwa sababu swali la lini kiumbe tumboni kinakuwa mtu ni gumu kweli, na dini zetu zimelihangaikia kwa karne nyingi.

Kwa Waislamu, hadithi aliyoipokea Ibn Masud, sahaba wa Mtume, inataja hatua za tone, pande la damu na pande la nyama, kisha roho inapulizwa. Wanazuoni wengi wanahesabu siku 120. Baada ya hapo kutoa mimba ni haramu kwa kauli yao, na wengi wa wanazuoni wa leo wanatoa ruhusa pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Kabla ya hapo wanatofautiana kwa madhehebu: baadhi ya Wahanafi waliruhusu pakiwa na udhuru, Wamaliki walio wengi walikaza tangu mwanzo, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao wetu, kauli ni zaidi ya moja. Imamu Ghazali, mwanazuoni wa kale na naye Mshafii, alikataza tangu mwanzo, ila akasema kosa linazidi uzito kadiri mimba inavyokua.

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba uhai wa binadamu ulindwe tangu mimba kutungwa, na halikubali kuitoa kwa makusudi hata kama imetokana na ubakaji. Lakini kwa yule mama wa ubaoni, wanateolojia wa Kikatoliki wanakubali mrija uondolewe. Kinachokusudiwa ni kuondoa kiungo kilichoharibika. Kifo cha kiumbe kinajulikana kuwa kitatokea, ila hakikukusudiwa. Wapo wanafunzi wanaoona huo ni mchezo wa maneno. Mimi sioni hivyo. Tunampa mofini mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali, tukijua inaweza kupunguza pumzi yake, na hakuna anayesema tumekusudia kumuua.

Wapo pia wanaoanzia kwa mwanamke mwenyewe. Sheria haimlazimishi mzazi kutoa figo kumwokoa mwanawe. Kwa nini basi, wanauliza, imlazimishe mwanamke kubeba mimba asiyoitaka? Wanaopinga hujibu kwamba mtoto tumboni yuko mahali pake, hajaazima kiungo cha mtu.

Sheria ya Tanzania ni kali. Kanuni ya Adhabu inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Kifungu cha 230, hata hivyo, kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Kenya, Katiba ya 2010 inasema uhai unaanza mimba inapotungwa, kisha ibara hiyo hiyo ya 26 inaruhusu mimba kutolewa pale mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama viko hatarini, au anahitaji matibabu ya dharura.

Mahakama zetu ziliathiriwa na kesi ya London ya 1938. Daktari Aleck Bourne alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari wa jeshi, kisha akajipeleka mwenyewe polisi. Akaachiwa huru. Miaka ya baadaye Bourne huyo huyo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kutetea watoto ambao hawajazaliwa. Kwake hapakuwa na mgongano.

Kinachoniuma kinatokea kwenye benchi la kusubiri. Niliwahi kufika kituo kimoja nikamkuta binti kakaa juu ya kanga iliyolowa damu, muuguzi kasimama mbele yake: "Sema kwanza, nani kakutoa?" Kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, si kosa kisheria, na katika misimamo yote niliyoieleza hapa sijui hata mmoja unaomwacha avuje damu.

Wanafunzi wangu nawafundisha maswali ya kuanza nayo. Damu imeanza lini? Umebadilisha pedi mara ngapi tangu asubuhi? Una homa? Unasikia kizunguzungu? Tumbo linauma upande gani?