Je, wajua kwa nini muuzaji wa gari jipya hukuongezea vitu badala ya kukupunguzia bei?

Mnunuzi wa Nairobi huuliza "bei ya mwisho ni ngapi?" kabla hata hajashika bidhaa. Kwenye soko la mitumba la Gikomba swali hilo lina nguvu. Ukilipeleka kwenye duka la magari mapya kule Industrial Area, kijana wa mauzo atatabasamu tu: "Bosi, hiyo bei haiguswi. Lakini naweza kukuwekea tinti, mazulia na servisi ya kwanza bure." Wengi huona ni ujanja. Ujanja upo, sikatai, ila kuna hesabu nyuma yake.

Chukua gari la petroli lenye injini ya cc 2,000 linalotua Mombasa likiwa na thamani ya shilingi milioni 1, bima na nauli ya meli zikiwemo. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, kwa hiyo tumefika 1,350,000. Ushuru wa bidhaa, asilimia 25, hutozwa juu ya jumla hiyo wala si juu ya ile milioni ya mwanzo: sasa ni 1,687,500. Kisha VAT ya asilimia 16, nayo juu ya yote: 1,957,500. Tozo ya reli na ada ya uagizaji bado hatujazigusa. Gari moja limekaribia bei ya mawili, na muuzaji hajaweka hata senti yake ya faida.

Sehemu hiyo kubwa ya bei ni ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na KRA haibembelezwi dukani. Ukipunguziwa 100,000, VAT ya mauzo itashuka kwa kama 13,800. Zile 86,000 na ushee zinatoka kwenye faida ya muuzaji. Servisi ya bure ni habari nyingine. Wewe ungeilipia bei kamili ya karakana, lakini yeye anatoa oili na filta kwa bei ya jumla, na fundi wake yuko kwenye mshahara hata usipokuja. Isitoshe, bei ikishashuka kwenye ankara, kampuni inayotaka magari kumi itadai bei hiyo hiyo. Mazulia hayana ushahidi wa namna hiyo.

Magari yanayounganishwa hapa nchini, Thika, Mombasa au Nairobi kwenyewe, hupata nafuu ya ushuru. Kwamba nafuu hiyo itakufikia wewe ni jambo la kujadiliwa.

Basi pa kubana ni wapi? Uliza gari liko bondi au limeshalipiwa ushuru. Bondi ni ghala la forodha: gari hukaa humo bila kodi kulipwa hadi litolewe, na likiwa humo muuzaji hana haraka sana. Lile linalong'aa sakafuni, ikiwa limeshalipiwa kila kitu, limefunga pesa zake, pengine za mkopo wa benki, na kila wiki likikaa riba inatembea. Likiwa na rangi isiyopendwa, ndiyo kabisa. Hapo ndipo lile neno "haiguswi" huanza kulegea, hasa mwisho wa mwezi kijana akiwa hajafikisha idadi aliyopangiwa. Yeye mwenyewe ana kiwango asichoweza kuvuka. Kilichozidi hapo ni cha meneja, kwa hiyo omba kumwona meneja, kwa upole.

Na kama pesa imekataa kabisa kushuka, usikubali tu kila unachopewa. Tinti utaipata mjini kwa fundi yeyote. Servisi, kwa upande mwingine, mara nyingi ni sharti la warantii kuifanya kwao, kwa hiyo hiyo ni pesa ambayo ungeitoa tu. Mwambie, "Tinti acha, niongezee servisi mbili," kisha hakikisha zimeandikwa kwenye ankara, pamoja na kilomita zake, kabla hujalipa amana.