Radikale Venstre: Chama Kidogo cha Denmark na Dhana Zinazokizunguka

Chama cha Radikale Venstre cha Denmark hakijawahi kupata kura nyingi kuliko vyama vingine nchini mwake, na katika chaguzi nyingi kimepata chini ya asilimia 10. Pengine ndiyo maana watu hukizungumzia kwa haraka, na wanaokizungumzia hurudia makosa yaleyale.

Dhana: Jina linaonyesha kuwa ni chama cha mrengo mkali wa kushoto

Ni kweli kwamba venstre maana yake ni kushoto, lakini neno hilo lina historia. Katika karne ya 19, bunge la Denmark liligawanyika baina ya Højre, yaani Kulia, waliokuwa wamiliki wa mashamba makubwa na maofisa wa mfalme, na Venstre, waliowatetea wakulima na kudai kwamba serikali iwajibike kwa wabunge waliochaguliwa na wananchi. Dai hilo lilikubaliwa mwaka 1901, na jina likabaki hata baada ya sababu yake kwisha. Chama cha Venstre cha leo huhesabiwa katika mrengo wa kulia, jambo linalowachekesha hata Wadenmark wenyewe. Waliojitenga nacho mwaka 1905 walichukua jina la ukoo, wakaongeza neno radikale kwa maana iliyokuwa ikitumika Ufaransa wakati ule: watu wanaotaka mageuzi ya kina kwa njia ya sheria, wala si wapinduzi. Itikadi yao ni uliberali wa kijamii, unaotetea uhuru wa mtu binafsi na soko, huku ukikubali kwamba dola ina wajibu wa kumwinua asiyejiweza.

Dhana: Kilianzishwa na Viggo Hørup na wasomi wenzake wa Copenhagen

Hørup, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Politiken mwaka 1884, ndiye baba wa fikra za chama, hasa ile ya kushuku matumizi ya kijeshi katika nchi ndogo. Lakini alifariki mwaka 1902, miaka mitatu kabla ya chama kuzaliwa. Kilichozaa chama ni ugomvi wa bajeti ya ulinzi ndani ya Venstre, ambapo wabunge waliokataa kuongeza fedha za jeshi walitengwa, wakakutana mjini Odense Mei 1905 na kuandika programu yao. Odense si Copenhagen, na jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa nguzo ya pili ya chama ilikuwa ni wakulima wadogo wenye vipande vya ardhi visivyotosha kulisha familia. Sheria za ardhi za mwaka 1919, zilizowalazimisha wenye mashamba makubwa ya kurithi kutoa sehemu ya ardhi ili wagawiwe wakulima wa aina hiyo, zilipitishwa chini ya serikali ya chama hiki.

Dhana: Chama kidogo hakiwezi kubadilisha nchi

Kwetu chama chenye wabunge wachache huitwa upesi chama cha mfukoni. Hesabu za Denmark zinafundisha vingine, kwa sababu huko ni nadra sana chama kimoja kupata wingi wa viti, na anayekaa katikati ndiye huamua nani atawale. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1913, Radikale Venstre kilikuwa na viti 31 kati ya 114, lakini Carl Theodor Zahle aliunda serikali kwa kuungwa mkono na Wanademokrasia wa Kijamii, chama cha wafanyakazi cha mrengo wa kushoto, akatawala hadi mwaka 1920. Katika miaka hiyo Denmark ilijiepusha na Vita Kuu ya Kwanza, katiba ya mwaka 1915 iliwapa wanawake na watumishi wa nyumbani haki ya kuchagua wabunge, na visiwa vya Karibi viliuzwa kwa Marekani mwaka 1917 kwa dola milioni 25. Sifa za katiba hiyo zisipewe chama kimoja tu, kwa maana ilikuwa zao la maafikiano ya vyama vyote vikubwa. Hata hivyo, aliyeshika usukani ni Zahle. Machi 1920 Mfalme Christian wa Kumi alimfukuza kwa kukataa kuudai mji wa mpakani wa Flensburg, ambao wakazi wake walikuwa wamepiga kura kubaki Ujerumani. Vyama vya wafanyakazi vilitishia mgomo mkuu, mfalme akalegeza kamba, na tangu hapo hakuna mfalme wa nchi hiyo aliyethubutu kuifukuza serikali kwa utashi wake.

Dhana: Ni mkia wa Wanademokrasia wa Kijamii

Kwa kuwa vyama hivyo viwili vilitawala pamoja kuanzia 1929 hadi 1940, kisha tena 1993 hadi 2001, mtu anaweza kudhani hivyo. Lakini mwaka 1968 chama kilipata viti 27, kikavuka upande wa pili, na Hilmar Baunsgaard akawa waziri mkuu wa serikali ya mseto pamoja na Wahafidhina wenye viti 37 na Venstre wenye 34; mdogo kuliko wote ndiye aliyekalia kiti. Kati ya 1982 na 1988 hali ilikuwa ya ajabu zaidi: kiliiunga mkono serikali ya kihafidhina ya Poul Schlüter katika uchumi, huku kikipiga kura na upinzani katika masuala ya silaha za nyuklia, hata Denmark ikalazimika kuweka tanbihi za kutokubaliana katika hati za NATO.

Dhana: Hadi leo hakitaki jeshi

Mwaka 1949 kilipinga kujiunga na NATO. Mwaka 2022 kiliwahimiza wananchi kukubali ushirikiano wa ulinzi wa Umoja wa Ulaya, na waliokubali walikuwa takriban theluthi mbili. Miezi michache baadaye kilimlazimisha Waziri Mkuu Mette Frederiksen kuitisha uchaguzi mapema kutokana na kashfa ya kuuawa kwa minki, wanyama wadogo wanaofugwa kwa ajili ya manyoya, kwa amri ya serikali isiyokuwa na msingi wa kisheria, kisha katika uchaguzi huohuo kikashuka kutoka viti 16 hadi 7, na kiongozi wake, Sofie Carsten Nielsen, akajiuzulu kesho yake.