Kuibuka kwa vimelea vya utumbo: bakteria mpole anavyogeuka mleta maradhi

Utumbo wa kila binadamu umejaa bakteria, na wengi wao hawana shari. E. koli, aliyeelezwa na daktari Theodor Escherich mwaka 1885, humwingia mtoto mchanga na kukaa naye miaka yote. Lakini ukoo huohuo umezaa aina iitwayo O157, aliyetambuliwa Marekani mwaka 1982 baada ya watu kuharisha damu kwa sababu ya nyama ya kusaga isiyoiva. Mabadiliko ya namna hiyo, kutoka mkaaji mpole hadi mleta maradhi, ndiyo wataalamu huita kuibuka kwa kimelea.

Njia ya kwanza ni kupokea jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyoandikwa kwenye DNA. Bakteria hupeana jeni hata na wasio ndugu zao, kupitia vipande vya DNA viitwavyo plazimidi au kupitia virusi wanaoshambulia bakteria. Bakteria wa kipindupindu wengi huelea majini bila kumdhuru mtu. Wenye sumu ile inayomkausha mgonjwa waliipata kwa virusi aliyejipachika ndani yao, kama ilivyogunduliwa mwaka 1996. Aina ya kipindupindu iitwayo El Tor ilianza kusambaa Indonesia mwaka 1961 na kufika Uganda mwaka 1971. Wavuvi wa Ziwa Albert wanaijua vizuri. Usugu wa dawa nao husafiri kwa plazimidi hizohizo.

Njia ya pili ni kupoteza, na kwangu ndiyo ya kustaajabisha zaidi. Salmonela wa taifodi amelemaza jeni zaidi ya 200 ambazo jamaa zake bado wanazitumia. Matokeo yake hawezi tena kuishi ndani ya kuku wala ng'ombe, ila kwa binadamu peke yake, na kwa baadhi ya watu hujificha kwenye nyongo miaka mingi bila dalili. Kwa hiyo taifodi iliyoikumba Kampala mwaka 2015 kwa maji na juisi chafu ilitoka kwenye kinyesi cha watu, si cha mifugo. (Najua, mjini kila homa huitwa taifodi, ile ya 2015 ilikuwa ya kweli.)

Njia zote mbili zinakutana kwenye tauni, ambayo imekuwa ikijirudia West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huko Arua na Zombo. Wachache wanaiweka kwenye orodha ya maradhi ya tumbo, ila bakteria wake alitokana na Yersinia anayesumbua utumbo, miaka elfu kadhaa tu iliyopita. Alipokea plazimidi, mojawapo ikimwezesha kuishi tumboni mwa kiroboto. Jeni zilizomsaidia kung'ang'ania utumbo wa mnyama zikaharibika, maana hazikuwa na kazi tena. Sasa huenezwa na viroboto wa panya, ndiyo sababu huko West Nile wahudumu wa afya wanaofuatilia tauni huuliza kama kuna panya waliokufa nyumbani, si mgonjwa alikula nini.