Je, wajua kwa nini modo, yaani suruali ya kubana, ileile humpendeza huyu na kumuumbua yule?

Panda kwa miguu kutoka stesheni ya reli Kigoma hadi Mwanga, saa saba mchana, ukiwa umevaa modo. Mlima ule hauna huruma. Kabla hujafika sokoni utakuwa umeshajua kama suruali yako inabana au inakaba, kwa sababu kila goti linapokunjwa kitambaa hutafuta nafasi ya kwenda. Kikiikosa, kinakushika mapajani. Pembeni anapita kijana wa bodaboda na modo kama yako, imemkaa utadhani alizaliwa nayo. Wewe unatembea kama mwali aliyetoka jandoni juzi.

Wengi husingizia umbo, eti fulani ana miguu ya modo na fulani hana. Umbo lina sehemu yake, lakini si kubwa kama tunavyodhani. Jambo la kwanza ni kitambaa.

Jinzi ilizaliwa kama nguo ya kazi. Levi Strauss na Jacob Davis walipopata hataza ya suruali yenye ribiti za shaba, Marekani mwaka 1873, walilenga vibarua, na kitambaa chake kilikuwa pamba tupu, kigumu, kisichovutika. Pamba tupu ukiibana, mwili ndio unaokubali kushindwa. Mambo yalibadilika mwaka 1958, pale mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont alipotengeneza uzi unaoitwa elastani, au spandeksi. Uzi huo huweza kuvutika hadi mara tano ya urefu wake na zaidi, kisha ukarudi ulivyokuwa. Siri yake ni kwamba ndani una sehemu laini zilizojikunjakunja, ambazo hunyooka unapovuta, na sehemu ngumu zinazozishika zisipotelee huko. Wala haukukusudiwa modo za vijana: nia ilikuwa kuiondoa mipira kwenye nguo za ndani za kubana za wanawake. Wanaume tumeurithi baadaye, kimyakimya.

Modo nyingi huwa na elastani kidogo tu, asilimia moja hadi tatu, na kwa kawaida huwekwa kwenye nyuzi za kukatiza, siyo zile za kushuka. Kwa hiyo ukiwa umeinamia rundo la mitumba, usivute suruali kwa urefu. Ivute kwa upana, pale pajani, kisha iachie. Ikirudi haraka, ichukue. Ikibaki imelegea kama chandarua cha zamani, elastani imekwisha, na magoti yatatoka matuta ndani ya wiki. Mara nyingi iliyoiua ni joto au dawa ya kung'arishia nguo. Pasi ya mkaa iliyoiva na dawa ya klorini ni maadui wakubwa wa uzi huu, na ndiyo maana modo nyeupe hazidumu.

Jambo la pili ni mikunjo, na hapa fundi mzuri hukusoma kama gazeti. Mikunjo inayotoka kwenye zipu na kutawanyika kama ndevu za paka inasema nyonga hazina nafasi. Mfuko wa pembeni ukiachama kama mgebuka aliyetolewa ziwani sasa hivi, makalio yamebanwa. Kwenye shati, tazama kifungo cha tumboni: mikunjo ikikutana hapo na kuchora herufi X, shati ni dogo, hata kama dukani walikuambia ndio mtindo. Nguo iliyokaa vizuri hufuata mwili bila kuuvuta. Ukifinya kitambaa cha pajani kwa vidole viwili, kikikubali kama inchi moja, upo salama.

Ukipeleka suruali ipunguzwe, mwambie fundi aanzie karibu na goti kushuka chini, na atoe pande zote mbili za mguu. Akitoa upande mmoja tu, mshono hupinda na mguu mzima huonekana umezungushwa. Paja asiliguse. Kulipunguza paja ndilo kosa ninaloliona zaidi, na hata mimi nimewahi kulipia.

Halafu usibane kila kitu. Modo na shati la kubana kwa pamoja humfanya mtu aonekane kama furushi lililofungwa kwa kamba. Chini ikibana, juu acha pumzi, ila mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega. Simu na funguo zitoe mifukoni. Na joto la Kigoma ulikumbuke: korodani hutaka ubaridi kidogo kuliko mwili, kwa hiyo modo ya kutwa nzima juu ya pikipiki si rafiki yake.

Wazee wanaolalamikia modo nao wana historia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Leo hakuna wa kukukamata, lakini ukienda swala ya Ijumaa Ujiji na modo, utakapoinama kurukuu mtu wa safu ya nyuma ataona asichokihitaji. Vaa shati refu, au kanzu juu yake.

Kabla hujamlipa fundi, chuchumaa palepale kama unayewasha jiko la mkaa. Ukisikia mshono unalia, mrudishie.