Je, wajua? Kama figo ni chujio, kwa nini haizibi?

Nilikuwa jikoni nakamua tui, na binti wa kaka yangu, yuko darasa la sita, amekaa kwenye mkeka anasoma daftari lake la sayansi kwa sauti. "Figo ni kiungo kinachochuja uchafu kutoka kwenye damu." Akanyamaza. Akakitazama kifumbu mkononi mwangu kilivyojaa machicha.

"Shangazi, huo uchafu ukishachujwa unabaki wapi? Nani anaumwaga?"

Nikamwambia mkojo ndio unaoisuuza figo, kama tunavyosuuza chujio la chai bombani. Jibu hilo si sahihi. Nilikuwa nimeliamini tangu nikiwa na umri wake, na swali lake ndilo lililonifanya nitafute.

Tatizo ni picha tunayoanza nayo. Chujio la nyumbani huzuia kibaya na kupitisha kizuri: majani ya chai yanabaki, chai inapita, machicha yanabaki, tui linapita. Kwa hiyo ukiambiwa figo ni chujio, unaona kifumbu kilichogandwa na taka. Na ukishaiona hivyo, mengine yanafuata yenyewe. Kama taka zimeganda, basi lazima zizibuliwe. Ndipo tunapouziwa chupa za kusafisha figo stendi na sokoni, ndipo tunapochemshiana majani ya kotimiri na kusagiana tikiti pamoja na mbegu zake. Tikiti ni tunda zuri na maji ni lazima, lakini hakuna machicha ndani ya figo yanayosubiri kusuuzwa. Baadhi ya mizizi na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo, kama diklofenaki, zinaweza kuiumiza figo ileile mtu anayodhani anaisafisha.

Chujio la figo hufanya kinyume cha kifumbu. Takataka ndizo zinazopita. Kinachobaki upande wa damu ni seli za damu na protini kubwa, yaani mali ya mwenyewe. Urea, ambayo ni mabaki ya protini tulizokula, ni ndogo mno; inapenya bila shida. Vichache vinavyonasa njiani huondolewa na seli maalumu zinazokaa pale pale kwenye chujio, kwa hiyo katika figo yenye afya hakuna kinachorundikana.

Lakini tundu dogo halijui lipi taka na lipi chakula. Kila kilicho kidogo kinapita: maji, sukari, chumvi, vitamini, vyote pamoja na urea. Na vinapita kwa wingi wa kushangaza. Figo mbili, kila moja urefu wa sentimita 11 hivi, zimekaa nyuma ya tumbo chini ya mbavu, ya kulia ikiwa chini kidogo kwa sababu ya ini. Hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ndani ya kila figo kuna vijichujio vyenye mirija yake, viitwavyo nefroni, kwa makadirio milioni moja, ingawa watu hutofautiana sana. Kwa siku moja vijichujio hivyo humwaga lita 180 za majimaji ndani ya mirija. Lita 180! Mwili mzima una lita 3 hivi tu za majimaji ya damu, kwa hiyo ni yaleyale yanayomwagwa na kurudishwa mara 60. Ndani yake kuna karibu kilo moja na nusu ya chumvi na gramu 160 hivi za sukari. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu, au mbili.

Basi kazi yenyewe iko kwenye kurudisha.

Fikiria unavyochagua mchele. Unaumwaga kwenye ungo, unatafuta mawe, unayatoa, mchele unabaki. Figo ingekuwa inachagua mchele, ingemwaga gunia zima kwenye mfereji unaotiririka, halafu ingesimamisha watu kandokando wauokote mchele na kuurudisha guniani. Mawe yasingeguswa na mtu. Yangekwenda na maji. Hao waokotaji wapo kweli. Ni protini zilizopachikwa kwenye kuta za mrija, na kila moja ina kitu chake: huyu anashika sukari, yule chumvi. Sehemu ya kwanza ya mrija peke yake hurudisha karibu theluthi mbili ya chumvi na maji. Mbele zaidi homoni hukata shauri kiasi gani kirudi, na ndiyo maana ukishinda juani bila kunywa maji mkojo unakuwa mchache na wa rangi nzito. Kinachosalia ndicho kinachoteremka kwenye mirija ya mkojo hadi kibofuni.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Hoja ya wanabaiolojia wengi, ambayo ni hoja na si kipimo cha maabara, inanivutia sana. Anayetafuta mawe lazima ayajue mawe yote. Anayeokota mchele anahitaji kuujua mchele tu. Ukila leo mmea wenye kemikali ambayo ukoo wako haujawahi kukutana nayo, ikiwa ndogo na inayeyuka kwenye maji, itamwagwa pamoja na vingine, na kwa kuwa haina wa kuiokota, mara nyingi itaondoka.

Waokotaji wa sukari wana kikomo. Sukari ya damu ikipanda kupita kama milimoli 10 kwa lita, mikono haitoshi na inayobaki hutoka kwenye mkojo. Hapo ndipo watu huona sisimizi wamezunguka mahali mgonjwa wa kisukari alipokojoa. Figo haijashindwa kuchuja, imezidiwa kuokota.

Haya yalithibitishwa kwa chura. Mwaka 1924, huko Philadelphia nchini Marekani, Joseph Wearn na Alfred Newton Richards walichoma kijichujio kimoja cha figo ya chura kwa sindano ya kioo nyembamba mno na kuvuta tone la majimaji. Lilikuwa na sukari. Mkojo wa kibofuni wa chura huyohuyo haukuwa nayo. Katikati ya pale na kibofu, sukari ilikuwa imerudishwa.

Mpwa wangu nilimsahihishia, kwa mchele, na akauliza tena: je, kuna vitu figo inavisukuma yenyewe, bila kungoja vimwagike? Vipo. Penisilini ni kimojawapo. Kuta za mrija huivuta kutoka kwenye damu na kuitupa kwenye mkojo. Mwaka 1941, askari polisi mmoja huko Oxford, Uingereza, Albert Alexander, alikuwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kabisa kutibiwa kwa dawa hiyo. Ilikuwa haba hivi kwamba madaktari walikusanya mkojo wake, wakaitoa penisilini humo na kumchoma tena. Alianza kupata nafuu, kisha dawa ikaisha, akafariki. Ndugu yake penisilini, amoksilini, nayo hutoka upesi kwa njia ya figo, na ndiyo maana bahasha yake kwa kawaida huandikwa kutwa mara tatu.