Kabla ya kibofu kutolewa, lishe ipimwe

Mgonjwa wa saratani ya kibofu cha mkojo akishapangiwa upasuaji, ndugu hukimbizana na fedha, damu ya kuongezewa na mtu wa kumwuguza. Wachache huuliza kama mwenyewe ana nguvu za kuuhimili upasuaji huo.

Na ni upasuaji mkubwa. Saratani ikishaingia kwenye msuli wa kibofu, mara nyingi kibofu chote hutolewa, kisha kipande cha utumbo mwembamba, kama sentimita 15 hadi 20, hutengwa ili kipitishe mkojo hadi kwenye mfuko unaobandikwa tumboni. Mwili unabaki na kazi ya kuunga utumbo uliokatwa na njia mpya ya mkojo kwa wakati mmoja, huku utumbo wenyewe ukigoma kufanya kazi kwa siku kadhaa na mgonjwa hawezi kula inavyotakiwa. Kinachomvusha hapo ni akiba aliyoingia nayo.

Watafiti wa Vanderbilt, Marekani, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya wagonjwa 538 waliotolewa kibofu. Waliwahesabu kuwa na upungufu wa lishe wale wenye albumini (protini ya damu) chini ya gramu 3.5 kwa desilita, waliokonda kupita kiasi, au waliopoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito kabla ya upasuaji. Walikuwa karibu mmoja kati ya watano. Ndani ya siku 90, asilimia 16.5 ya hao walifariki. Kwa wenzao ilikuwa 5.1. Albumini hushuka pia kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo si kila kifo kati ya hivyo kingezuiwa kwa chakula. Hata hivyo, tofauti hiyo ni kubwa mno kuiacha ipite bila kumpandisha mgonjwa kwenye mizani.

Kwetu kuna la ziada. Kanda ya Ziwa na pwani, kichocho cha mkojo ni chanzo kinachojulikana cha saratani hii. Mtu hukojoa damu muda mrefu, akaizoea, na anapofika hospitali tayari damu imepungua na suruali inamvuka. Mnene naye asijione salama: misuli inaweza kuisha chini ya mafuta bila mtu kugundua.

Mwongozo wa Ulaya wa lishe kwa wanaofanyiwa upasuaji unasema mgonjwa aliye kwenye hatari kubwa alishwe siku 7 hadi 14 kwanza, hata kama tarehe itasogezwa. Familia nyingi husikia hivyo zikadhani hospitali inazungusha. Hapana, hayo ni matibabu. Kiwango cha protini kinacholengwa ni gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo uji mtupu asubuhi na jioni haufiki popote. Dagaa, samaki, mayai, maziwa, maharage, karanga ndani ya uji, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Ila kama uvimbe umeziba mirija na figo zimeathirika, kiasi cha protini apange mtaalamu wa lishe baada ya kuona vipimo.

Linalotusumbua zaidi kliniki ni mgonjwa aliyeachishwa nyama, wanga na maziwa na majirani ili "saratani ife njaa", akabaki na juisi ya mboga. Anayekonda kwanza ni yeye.

Siku ya upasuaji, mwulizeni daktari wa usingizi saa za mwisho za kula na kunywa. Kwa wengi, chakula husimama zikibaki saa 6 kabla ya upasuaji, na maji zikibaki saa 2. Kumfungisha mgonjwa tangu jana yake mchana hakuna faida. Na mkiona nguo zimelegea au sahani zinarudi na chakula, semeni kliniki hata kama hamjaulizwa, mapema kabla tarehe haijafika.