Acheni Kuhesabiana Pumzi Majini

Nafundisha kuogelea na kuzamia hapa Mikindani, Mtwara. Tangu video za watu wanaopanda mawimbi makubwa kwa ubao kule Nazaré, Ureno, zianze kuzunguka kwenye simu, haipiti wiki bila kijana kuniambia: "Mwalimu, mimi nakaa chini dakika mbili. Wimbi lile haliniwezi." Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Dhana: ukiwa na pumzi ndefu, wimbi kubwa halikuui.

Juzi pale Shangani, maji ya kiunoni, kijana kalala kifudifudi, wenzake wanne wamesimama na simu wanamhesabia. Kabla ya kuzama alihema harakaharaka mara ishirini hivi. Wenyewe wanaita "kujaza gesi". Walipofika mia na kumi, vidole vyake vilishalegea, vinachezacheza na maji kama mwani, nao wanashangilia. Nikamgeuza mimi. Alipozinduka aliuliza nani kampiga.

Kuhema kule hakuongezi oksijeni ya maana, maana damu ilishajaa. Kinachopungua ni kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo inayokusukuma utoke uvute hewa. Ukiifukuza, ile hamu inachelewa, oksijeni inaisha kimyakimya, unazimia bila dalili yoyote. Maji ya kiunoni yanatosha kabisa kukumaliza.

Sasa wimbi lenyewe. Anayeanguka Nazaré hapewi nafasi ya kujiandaa. Anabamizwa, moyo unakwenda mbio, misuli inakula oksijeni; zile dakika mbili za Shangani hazionekani tena. Akiibuka anakuta povu, ambalo halimbebi mtu kama maji matupu, na wimbi la pili liko njiani. Ni kweli wanaoshindana hufanya mazoezi ya pumzi, lakini mbele ya mkufunzi, na kubwa wanalojifunza ni kutulia wasipigane na maji. Tena hawategemei mapafu peke yake: wanavaa fulana zinazojaa hewa ukivuta kikamba, na kuna mwenzao kwenye jeti-ski anayewafuatilia kwa macho.

Mwaka 2013 Mbrazili Maya Gabeira alianguka hapohapo Nazaré, akapoteza fahamu. Aliyemtoa ni mwenzake Carlos Burle, na akazinduliwa mchangani kwa kubonyezwa kifua. Alirudi, na mwaka 2020 akapanda palepale wimbi la mita 22.4. Mark Foo wa Hawaii, mzoefu wa miaka mingi, hakupata bahati hiyo. Desemba 1994 alianguka Mavericks, California, na waliokuwepo hawakujua kuwa hajaibuka mpaka mwili wake ulipoonekana unaelea. Sidhani kama alikuwa na pumzi fupi kuliko vijana wa Shangani.

Ndiyo maana kwangu mwezi wa kwanza hakuna kuzamia. Unalala chali, unaelea, na nguo zako zote mwilini. Wanaona nawafanya watoto, na wengine hudai hela yao. Mwezi wa pili ukifika, akizama mmoja, mwingine yuko juu anamwangalia. Simu inabaki ufukweni.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

"Maji ni laini." Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari inapita tani moja. Rekodi ya wimbi kubwa kuliko yote lililopandwa, ya Mjerumani Sebastian Steudtner, Oktoba 2020, ni mita 26.21. Tafuta mnazi mrefu kuliko yote mtaani kwenu, upime kwa macho, kisha uniambie tena habari ya laini.

"Ni roho ngumu tu." Luke Shepardson, aliyeshinda shindano la mawimbi makubwa la Eddie Aikau kule Waimea, Hawaii, mwaka 2023, siku hiyohiyo alikuwa zamu kazini: ni muokoaji wa ufukweni. Kazi yake kutwa ni kusoma maji.

"Kusi ikichachamaa, hata kwetu Msimbati mawimbi kama hayo yapo." Hayapo. Nazaré kuna korongo chini ya bahari, kina chake kinafika kama mita 5,000, linaloleta nguvu ya Atlantiki karibu na ufuko bila kupunguzwa njiani. Kwetu miamba inavunja mawimbi huko nje. Cha kuogopa hapa ni mkondo siku za bamvua, maji yakianza kutoka. Ukikuchukua, usirudi ukishindana nao. Lala chali, pumua, mkondo ukilegea kata kwa upande. Asiyeweza kulala chali hapo hana la kufanya, hata awe na dakika tatu.